Fundi wa Labasa na Kioo Cheusi

Fundi wetu wa kompyuta hapa Labasa hagusi mashine kabla ya kufuta vidole kwenye sulu yake, kitambaa anachojifunga kiunoni, kimoja kimoja, kama anayetaka kupokea mtoto mchanga. Sauti yake haipandi. Kioo chako kikizimika baada ya kuwekewa mfumo mpya, atakuacha utukane mpaka uchoke, kisha atakwambia: "Wenye mfumo wanasema programu ya kadi ya picha ndiyo mbovu. Wenye kadi wanasema mfumo umetoka mbichi. Wanarushiana mpira, na wewe huoni kitu." Hucheka puani tu.

Juzi kioo kilichozimika kilikuwa cha Apakuki, mchora ramani za mashamba ya miwa, na mavuno yanaanza Jumatatu. Aliyemwekea mfumo ni fundi mwenyewe. Apakuki akawatukana wenye kadi soko zima likasikia. Fundi alikwenda nyumbani kwa Apakuki, mimi nikimfuata, akiwa na fungu la mizizi ya yaqona, ya kile kinywaji chetu cha heshima, akaketi mkekani, kichwa chini, kama aombavyo radhi mtu wa kwetu.

"Kosa ni langu. Sikuijaribu kwanza ile programu."

"We fundi, acha hizo! Kosa ni la hao wa ng'ambo."

"Hao wa ng'ambo hawajaja kukaa mkekani kwako, kaka. Mimi nimekuja."

Kifua kilinijaa fahari, utadhani nimemzaa mimi. Apakuki akaigusa mizizi, akapiga makofi ya kupokea. Fundi akainua kichwa, akafuta vidole kwenye sulu, kimoja kimoja.

"Haya, iko wapi mashine?"