Tulitembea kisanaa hapa Bunia, watu wakatufuata wakilia

Wakuu, mujambo huko muliko. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Sikusoma sana, mutanivumilia.

Kuna msanii mumoja alitoka Kinshasa, akakuja hapa kwetu Bunia kutufundisha kutembea.

Ndiyo, kutembea. Mimi pia nilifikiri nilikuwa najua.

Alitukusanya siye vijana wa kartie, ni kusema mutaa wetu, akaeleza kwamba kutembea ni sanaa. Unatoka bila kujua unaenda wapi, unaangalia, unasikiliza, na muji unajifunua wenyewe. Sheria zake: munafuatana mustari mumoja, polepole, hakuna kusema, na telefone inazimwa.

Niseme kwa haki, hakuwa mujinga. Alieleza vizuri na alitupa maji ya kunywa.

Shida yangu ilikuwa telefone. Mama mudogo wangu, Feza, alikuwa hospitalini kule Nyankunde, walimupasua tumbo jana yake. Nyumbani kwetu telefone ni yangu tu, na mama alinituma nikae nayo karibu, habari ikiingia nimuletee mbio.

Nilisita. Lakini wenzangu wote walizima, nikaona haya. Nikazima.

Msanii akaniweka mbele, ati mimi ni mutoto wa muji. Nikamuuliza njia gani. Akajibu: "Fuata miguu yako."

Ukweli ni kwamba mwanzo ulinipendeza. Kuna ukuta wa duka ninaupita kila siku. Siku ile ndiyo niliona una rangi tatu, kila mwenye duka mupya alipaka yake na hakumaliza. Nikajiuliza kama hii ndiyo sanaa, ao ni uchovu tu. Mupaka leo sijui.

Sasa fikirieni, wakuu. Kwetu mutu akipita anaulizwa anaenda wapi, na anajibu. Lakini watu wengi, nguo za kanisa (tulizani kutakuwa picha), mustari mumoja, midomo kimya, polepole? Hiyo hapa ina jina moja.

Matanga.

Motari wa kwanza, wale wa kubeba watu, alizima pikipiki yake, akatoa kofia. Mimi nikazani anaheshimu sanaa.

Kisha mama mumoja jirani yetu, anauzisha samaki ya Kasenyi, akaachia mwenzake beseni, akafunga kitenge kiunoni, akaingia mu mustari. Akaninong'oneza: "Pole, mutoto wangu. Ni Feza?"

Sheria ilikuwa sheria. Nilitikisa kichwa tu kukataa. Yeye akaelewa kwamba uchungu umenikaba. Akaanza kulia.

Nyuma watu wakaongezeka. Sitaki kuongeza chumvi, sikuhesabu. Mutu akaanzisha wimbo wa maziko. Nilipogeuka nikaona msanii amefumba macho, machozi yanatoka. Baadaye alisema ni kwa sababu ya uzuri.

Na miguu yangu? Haijawahi kutembea bila kazi hata siku moja. Kazi inayojua zaidi ni kunirudisha nyumbani. Nilishituka tu niko mbele ya mulango wetu.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniona mimi mbele, watu nyuma, wimbo. Akakaa chini kwenye udongo, akafungua kitambaa cha kichwa.

Hapo nikavunja sheria. "Mama, hakuna mutu alikufa. Tunatembea tu."

"Munatembea tu," akasema. "Kwenda wapi?"

Nikamuangalia msanii. Naye akaangalia miguu yangu.

Nikawasha telefone mbio, kwa sababu nimesema hakuna mutu alikufa, lakini nilijuaje? Ujumbe ukaingia: kutoka Nyankunde walikuwa wamepiga mara nyingi. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Ikaita, ikaita. Wimbo ukakatika wenyewe.

Akapokea Feza mwenyewe, sauti nyembamba: "Mbona hamushike telefone?"

Wamama wakapiga vigelegele.

"Na hiyo makelele ni ya nini? Nani alikufa?"

"Ni weye," mama akamuambia, bado amekaa chini. "Lakini tumekusamehe."

Feza amepona, amerudi. Ila swali lake la kwanza halikuwa juu yangu. Alitaka kujua nani alikuja kumulilia. Nikamutajia. Akauliza juu ya shemeji yetu wa ngambo ya barabara. Nikasema hakukuja, na kwa haki nikaongeza kwamba siku ile alikuwa safarini, kule Aru.

"Aru iko na njia ya kurudi," Feza akasema. Sasa hawasalimiane.

Msanii, kwa sababu alilia, anaitwa ndugu.

Somo langu ni hili, kama ni somo: hapa kwetu, ukikosa kusema unaenda wapi, watu watakutafutia mahali, na watakusindikiza.

Kwenu mutu akitembea bila sababu, wanamufikiria nini? Na mimi nilikosea wapi? Semeni bila woga. Feza amekaa hapa kando yangu, anangoja aone nani atamupa pole na nani atapita kimya.