Mfalme wa Joho Jekundu: Kwenda Kinoo Kuchukua Michoro ya Njoroge

Niliondoka Kampala kwa sababu ya ujumbe ambao binamu yangu Wekesa alinifikishia kutoka Nairobi: Nyambura wa Kinoo anataka mtu aichukue michoro ya kaka yake, la sivyo ataichoma. Kaka huyo, Njoroge, ndiye aliyechora mandhari na mavazi ya michezo ya kuigiza iliyonivutia tangu ujana, na utafiti wangu wa uzamili ulihusu kazi hiyo hasa. Mchezo ukiisha, mbao hurudi kuwa mbao na nguo hurudi kwa wenyewe; hubaki karatasi tu. Njoroge mwenyewe alikuwa kizuizini kwa sheria za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni.

River Road, asubuhi. Wekesa, karani aliyepanga chumba juu ya duka la misumari, alinipa chai.

"Umesoma mpaka ukasahau kuogopa," alisema. "Ukifika kwa lango, sema wewe ni Mluhya, umeleta salamu za kanisa. Basi. Wewe ukianza kueleza, utafungwa."

Kinoo, kabla ya adhuhuri. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa safu kwa amri, na handaki lenye miti iliyochongwa ncha limekizunguka. Langoni homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, walinipekua mifuko wakaniruhusu, kwa kuwa kabila langu halikuwa likitafutwa. Nilipita nikilipima jambo hilo, wala sikulipenda.

Nyambura alikuwa ametoka kuchimba handaki hilo, kazi ya lazima ya kila siku, udongo ungali magotini. Nilitarajia kasha, akanionyesha ukuta. Kama wengine wanavyobandika magazeti kuzuia upepo, yeye alibandika michoro kwa uji mzito: majoho, ngao, jumba lenye ngazi.

"Na vile vikaragosi vya wakubwa?" niliuliza. Njoroge alisifika kwa kuwachora kwa dhihaka.

"Viko nyuma. Karatasi ilikuwa shida, alichora pande mbili. Wakubwa wote wanaangalia udongo."

Kisha akaniambia kilichomfanya anitumie ujumbe. Gatheru, mkubwa wa homgadi, aliingia humo kila mara kukagua, na kati ya michoro hiyo alimpenda sana mfalme wa joho jekundu. Leo angekuja kumchukua akamtundike kwake.

"Na nyuma ya mfalme ni yeye Gatheru," alisema.

Tuliibandua karatasi kwa maji ya vuguvugu. Nyuma yake palikuwa na kupe aliyevimba, kofia ya homgadi kichwani, pengo katika meno ya mbele. Nilianza kufikiria: tuichane, tuseme imeibwa, tuufute wino. Kila njia niliiona kasoro, kisha nikaiona kasoro ya kasoro hiyo.

"Mwalimu, fikiria huku mikono ikifanya kazi," Nyambura alisema. "Shika hii gazeti."

Tulipaka uji tukabandika gazeti juu ya kupe. Haikuwa imekauka Gatheru alipobisha hodi. Aliichukua, akasimama mlangoni, akaiinua kwa mikono miwili, mfalme akitutazama sisi.

"Nyambura, hii joho itanitosha?"

Mwanga wa nje ulipenya karatasi mbichi. Ndani ya joho jekundu nilimwona kupe, kofia, pengo. Na chini ya karatasi, pengo la Gatheru mwenyewe likitabasamu.

"Itakutosha, mzee," Nyambura alijibu. "Ni kama ulipimwa."

Alicheka. "Na huyu mgeni, mbona anatetemeka?"

"Ni mtu wa vitabu. Chakula yetu hajazoea."

Alipokwisha kwenda, nilimwambia Nyambura tuondoke pamoja.

"Sina pasi ya kutoka kijijini. Na nikikosekana, atauliza kwa nini. Akiitundika ikauka, imeisha."

"Na ikilowa tena?"

Aliendelea kubandua zilizobaki. "Chukua hawa wengine. Mmoja ananitosha."

Dagoretti Corner, njiani kurudi Nairobi, jioni. Nilikuwa nimepita njia za mashambani, karatasi zikiwa zimezungushwa tumboni chini ya shati. Askari alinipekua mifuko tu. Baadaye, chumbani kwa Wekesa, nilivua shati tukakuta wino umenichapa uso wa mkubwa mmoja tumboni, kinyumenyume. Wekesa hakutania. Alinipa sabuni.

Kampala. Michoro ninayo, imekauka, nayo ni mizuri kuliko nilivyoikumbuka. Nilidhani kukusanya ni kuokoa. Sasa najua kwamba nilichobeba ni kile tu ambacho Nyambura angeweza kukiachia. Mchoro wenye uzito wote umebaki kwenye ukuta wa Gatheru, naye Nyambura amebaki nao.

Wekesa ameniletea habari mara moja tu tangu nirudi: mama yule yupo, bado anachimba, na Gatheru amemtundika mfalme mahali ambapo kila mgeni atamwona, mkabala na mlango. Wiki hiyohiyo masika yalianza. Kila mvua inapopiga bati hapa, namuuliza mtu yeyote atokaye Nairobi kama huko nako inanyesha.