Jina la Mama Ndelilio

Asubuhi ya mwisho waliyokunywa chai pamoja, Elisifa alianza kwa kumgombeza ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amepiga ndoo teke, naye akamwambia, "Wewe na Baba Godlove mmelelewa nyumba moja." Mumewe, mzee Ebenezeri, alisikia akiwa barazani. Ndoa ilishamfundisha kwamba maneno ya asubuhi hayajibiwi kabla ya chai.

Simu ikaita. Alikuwa Rogath, mdogo wake Elisifa, kutoka Masama. Fundi amemaliza kuweka vigae kwenye makaburi ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, maana Krismasi ukoo wote unapanda mlimani. Limebaki kuandikwa la bibi yao, mama yake baba. Aandike nini?

"Mimi naona aandike Mama Ndelilio," Rogath alisema. "Ndivyo alivyoitwa, kwa jina la baba."

"Huyo ni mama wa mtu. Yeye mwenyewe ni nani?"

"Dada, hakuna anayejua. Na fundi anaondoka kesho."

Mwaka mzima Elisifa alikuwa akilitafuta jina hilo. Kila akienda ofisi ya usharika, katibu, Rachel, alifunua vitabu vya ubatizo, bibi hayumo. Atakuwemo vipi, alikufa bila kubatizwa.

Elisifa akamimina chai, akaisahau.

"Baba Godlove, binti wa kwanza anapewa jina la nani?"

"La mama yake baba. Hata mbuzi wa hapa wanajua."

"Na wa pili?"

"La mama yake mama. Kama wewe."

"Basi mimi si wa kwanza."

Ebenezeri akaweka kikombe chini. Elisifa akamweleza. Siku moja, wakimenya ndizi, mama yake aligusia kwamba Elisifa alitanguliwa na mtoto wa kike, aliyekufa mchanga. Hakutajwa tena.

"Nimehangaika na bibi," alisema, "kumbe nimtafute dada yangu."

Akavaa kitenge cha kanisani, akaondoka. Aliacha agizo moja tu: ng'ombe akamuliwe mapema, na mkamuaji aongee naye, hapendi kimya. Ebenezeri alikamua. Aliongea pia, ingawa hakuwa na mengi ya kumwambia ng'ombe.

Jioni Elisifa alirudi na vumbi hadi magotini, anacheka. Rachel hakukawia kumwona yule mtoto kitabuni: Aikande, binti wa Ndelilio. Basi na bibi ni Aikande. Fundi ameandika. Elisifa mwenyewe amepanda isale, mmea wa kuheshimu wazee, kaburini, akaamkia, "Shikamoo, bibi Aikande," kama mtu aliyekutana naye sokoni.

Kesho yake alfajiri, kabla ya chai, presha ikamwangusha migombani. Wakamkimbiza hospitali ya Mawenzi, hakurudi.

Ilipofika kuandika msalaba wake, watoto walisema Mama Godlove. Ndilo jina alilojulikana nalo hadi Sanya Juu.

"Baba, tukiandika Elisifa watu watauliza ni nani huyo," alisema Godlove, mkubwa wao.

Mzee hakubishana. Hata yeye, tangu Godlove azaliwe, hakuwahi kumwita vingine. Aliwaambia tu alichosema mama yao jioni ile, akivua viatu mlangoni:

"Na mimi zamu yangu ikifika, msiniandike Mama Godlove. Godlove asubiri kaburi lake."