Barua ya Mbuzi Mweusi

Wakati wa Mdachi hapakuwa na mtu Dodoma mwenye mwandiko kama wangu. Nasema bila haya, na aliyekuwepo abishe. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni, pwani; za Kizungu nilifundishwa shule ya serikali. Nilikuwa karani wa boma miaka miwili, mpaka siku niliyomjibu bwana mkubwa jibu ambalo karani halijibu. Nikatoka na kalamu yangu. Nikaweka kasha la sabuni kwenye baraza ya duka la Mhindi, mkabala na stesheni, nikageuza jingine kuwa kiti, nikawa sina bwana.

Watu wakaja: vibarua wa reli, wapagazi, wafugaji wa Kigogo wenye mashauri bomani. Kila mmoja alianzia mbali, kwa babu yake, kwa ng'ombe wa babu yake, kwa mwaka wa njaa. Nami nilikuwa na papara. "Mzee, fupisha, wino unakauka!" Nikishajua anataka nini, nilimwandikia maneno yangu mwenyewe, yale mazuri, yenye salamu tano mbele na dua tatu nyuma. Nikiwasomea, walibaki midomo wazi. Mimi nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Basi kibarua mmoja, Mrangi wa Kondoa, aliangukiwa na chuma cha reli kule Zuzu, mguu ukavunjika. Wakamleta kambini nyuma ya stesheni, nikaitwa kitandani kwake. Alitaka mkewe aandikiwe habari za mguu, na za mbuzi, na za mboga ya mlenda. Mlenda! Nikamwambia, "Ndugu yangu, karatasi nzuri hii niitie mlenda? Na huo mguu utampa mkeo simanzi ya bure. Niachie mimi." Nikaandika: Kwa nuru ya macho yangu, kito cha moyo wangu, mimi ni mzima wa afya njema, sina neno ila hamu ya kukuona. Nilipomsomea alijikuna kichwa. "Haya," akasema, "wewe ndiye uliyesoma."

Ilipita karibu miezi minne. Siku moja mchuuzi wa samli kutoka Kondoa, aliyekuwa akingoja treni ya Tabora, alimwona yule mgonjwa akijikongoja na magongo yake pale stesheni. Akadondosha kibuyu.

"We! Hujafa?"

Mchuuzi akamweleza yote. Habari za chuma kumwangukia zilikuwa zimefika kijijini, watu wakawa roho juu. Ndipo ikaja barua. Mwalimu wa chuo akaisoma uani mbele ya watu, na mke akapiga ukelele: "Huyu si mume wangu! Tangu anioe hajaniita nuru ya kitu chochote. Na mtu aliyeangukiwa na chuma atasemaje ni mzima? Mume wangu amekufa, wenzake wanatuficha." Akavaa nyeupe, akakaa eda. Sasa zilikuwa zimebaki siku zisizofika ishirini, na eda ikiisha angeolewa na kaka wa marehemu. Wazee walikwisha kukubaliana. Kisha treni ikapiga honi, mchuuzi akapanda, akaenda zake Tabora.

Yule kibarua akaja mpaka kwenye kasha langu, akanisimulia. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Karani, umeniua." Kutembea mpaka Kondoa kwa mguu ule hakuweza, na siku zilikuwa zinakwenda.

Nilifedheheka, wallahi. Mwandiko wangu, fahari yangu, ulikuwa umemzika mtu akiwa hai. Nikamwambia, "Kaa hapa. Sema wewe. Leo mimi ni mkono tu."

Akasema, nami nikaandika hivyo hivyo. Mwambie mguu wa kushoto umevunjika na umeunga vibaya, natembea kama kaa. Mwambie mlenda wa huku umezidi magadi kuliko hata wake, na mimi nilidhani kwa magadi wake hauna mshindani. Mwambie kaka asiguse jembe langu la mpini mfupi, wala kitu changu chochote, anajua ninachosema. Mwambie yule mbuzi mweusi, ambaye yeye alisema ameliwa na fisi, najua alimpeleka kwa mama yake. Nilijua siku ile ile. Nilinyamaza tu, kwa sababu alikuwa amefurahi.

Mara mbili kalamu ilitaka kuteleza iweke nuru ya macho. Nikaizuia. Barua ikatiwa kwenye mfuko wa tarishi wa boma, naye hakujua wala hakujali imebeba roho ya nani.

Tukangoja. Sikupata kula vizuri siku zile. Wateja waliokuja niliwaacha waanze na babu zao, na ng'ombe wa babu zao, mpaka wafike wenyewe walikokuwa wanakwenda. Ajabu, walikuwa wanafika.

Siku ya kumi na sita alisimama mbele yangu mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini. Akatoa karatasi mbili kwenye upindo wa nguo yake. Moja akaiweka juu ya kasha kwa ncha za vidole.

"Hii umeandika wewe?"

"Naam, mama. Ni mimi."

Akainua ya pili. "Na hii kaandika nani?"

Mwandiko ulikuwa ule ule, hata asiyejua kusoma angeona. Nikasimama, nikaiweka kanzu yangu sawa. Nimesifiwa na maliwali na makadhi, lakini sijawahi kujibu swali kwa majivuno kama nilivyojibu lile.

"Hiyo kaandika mumeo."

Akaikunja, akairudisha kwenye upindo. Ile ya kwanza akaniachia. Nikamwonyesha njia ya kambini, akaondoka karibu anakimbia.

Hata salamu sikuisikia. Nilichosikia, pale pale barazani nilipokuwa nimekaa, ni sauti yake ikipaa juu ya paa za kambi, inalia na inagomba kwa pamoja:

"Mbuzi gani? Nani kakwambia habari za mbuzi?"