Enzi Yangu Juu ya Kichuguu

Nilitawazwa kwa sababu ya maharage. Yalikuwa yanaungua jikoni, mama akaniita kwa sauti ile isiyosubiri, nami nikatoka mbio. Kumbe wakati uleule watoto wa uwanja wetu walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatawala.

Ilikuwa likizo ya kiangazi, huko Kampemba, mtaa wetu wa mjini. Binti wa baba mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kwa kuwa alinizidi umri, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini Lukafu, kichwa kimejaa hadithi za bibi yetu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa la jikoni. Sisi tulikuwa tunaanika nguo juu yake. Yaya alikizunguka mara moja akatangaza kwamba ile ni nchi. Mto wake ulipanda mlima badala ya kushuka, ndege wake walilipa kodi kwa manyoya, na ng'ambo ya ua waliishi maadui warefu wasio na shingo. Kilichokosekana ni mulopwe tu, yaani mfalme.

Kwa sheria ya Yaya, anayetaka kiti hapewi. Wadogo zangu na mapacha wa jirani walikuwa wamekaa mbele yake wakinyoosha shingo, na kwa hilo tu wakawa wameshakikosa. Mimi sikuwa hata ninasikiliza. Nilipotimka, Yaya alininyooshea kidole.

"Ule mwenye kukimbia," akasema, "njo mulopwe," yaani ndiye mfalme.

Walinikamata mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Nikasema sitaki. Wakafurahi zaidi, maana hivyo ndivyo mulopwe wa kweli anavyosema. Walinipaka majivu usoni, wakanifunga kitenge kilichochakaa, wakanipandisha. Maharage yaliteketea, na mulopwe akachapwa siku yake ya kwanza ya kutawala.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mulopwe haruki kamba. Mulopwe hashuki bila kubebwa, na wabebaji wangu, wale mapacha, waliniangusha mara nyingi kuliko walivyonifikisha. Asubuhi niliamua kesi: nani kamwibia nani mbuzi wa bati, nani kamchokoza adui bila ruhusa. Kibaya kuliko vyote, mulopwe haonekani akila. Mama alipoleta viazi vitamu vya kuchoma, raia wote walinigeuzia mgongo, wakala wao kwa wao wakicheka, nami nikatafuna peke yangu huku nikitazama visogo. Nilikuwa napenda sana kucheka na mdomo umejaa. Kila jioni niliapa kwamba kesho najiuzulu, na kila asubuhi, baridi ikiuma, nilikuwa juu kabla ya wote. Nani angeamua kesi za wale watu?

Tena nilikuwa na hofu yangu. Likizo ilikuwa inaisha, na Yaya angerudi Lukafu, ambako masomo yalikuwa yamemwishia. Mjini angeweza kuendelea, lakini kwetu tulilala tumebanana mpaka chini ya meza, na baba alikuwa amesema wazi kwamba pasipo chumba kingine, Yaya hawezi kubaki. Sikuwahi kuwa na rafiki kama yeye.

Ndipo baba alipotoka kazini, kule kwenye mgodi wa shaba, akakizunguka kichuguu akikigonga kwa kiatu. Jioni alisema atakichimba afyatue matofali, maana udongo wa kichuguu unashika vizuri. Nchi ikachafuka. Yaya alikuwa mkali kuliko wote. Akasema mulopwe aende amkataze.

Nikaenda. Nilivaa kitenge changu na majivu yangu, nikabebwa hadi kwenye kiti cha baba. Baba akavua kofia, akauliza mulopwe anatafuta nini kwake. Nikamweleza kwamba raia hawakubali. Akawafukuza wabebaji kwa mkono, akaniinamia.

"Matofali njo chumba," akasema polepole, "na chumba njo Yaya yako atabakia. Lakini usimwambie. Baba yake hayaitika bado, na mie sipendi mutoto angojee kitu yenye haiko."

Nilirudi kwa miguu yangu. Kesho yake nikapanda, nikaamuru salongo, kazi ile ya pamoja ambayo wakubwa walilazimishwa kila Jumamosi: raia wote wachimbe, wakanyage udongo, wabebe maji. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema mulopwe hasemi kwa nini. Wadogo zangu wakalia. Yaya alinitazama kama mtu aliyetapeliwa sokoni, akachukua jembe, na tangu hapo hakunisemesha. Mimi, niliyekuwa nikikichukia kile kiti kiangazi kizima, nilikaa juu yake nikitazama watu wangu wakikila kidogo kidogo kutoka chini, na moyo uliniuma vibaya. Siku nilipofika usawa wa ardhi, hakuna aliyenibeba.

Jibu la baba mkubwa lilikuja na lori la mahindi. Amekubali. Wakati huo chumba kilikuwa na kuta na bati nusu. Baba alimwita Yaya, akamwonyesha mahali pa kitanda, akamwambia shule ataanzia hapahapa. Yaya aligusa ukuta, akaugusa tena. Kisha akaniangalia, mimi niliyesimama mlangoni, na nikaona amejua yote.

Mama alituletea bukari, ugali wetu, na samaki wa kukausha, sahani moja, tukaketi chini mlemle chumbani, udongo bado unanuka unyevu. Nilinawa. Nilipopeleka mkono kwenye sahani, Yaya aliacha kula, akageuka, akaelekeza uso ukutani, akangoja.

Niliona kisogo chake, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya shule. Nikaurudisha mkono mtupu.

"Geuka, Yaya," nikamwambia. "Tukule pamoja."

Akageuka, akanikatia kipande cha samaki, kile kikubwa, akaniwekea upande wangu.