Kreti ya Bia Mbele ya Televisheni

Wakati wa vita, televisheni ya rangi katika mtaa wetu wa Cibitoke ilikuwa kwangu tu. Sikuirithi. Nilirudi kutoka Zaire na diploma ya umeme, nikajenga, nikanunua, na nyaya za nyumba nzima nikazivuta kwa mikono yangu. Mtu wa namna hiyo haendi kupiga magoti Gasenyi.

Maana mke wangu alikuwa amerudi kwa mama yake huko Gasenyi, eti nyumbani naongea peke yangu na yeye hapati nafasi. Kwa desturi yetu, mume hupeleka bia kwa wakwe na kusema mbele yao kwamba amekosa. Wakiinywa, mke anarudi. Nilikataa. Nimekosa nini?

Jumapili moja mchana mke wangu alikuja, pamoja na mama yake na shangazi yake. Hawakunifuata mimi, walisema. Walitaka mwisho wa filamu ya Kifaransa, ile ya mke na mume waliozeeka pamoja bila kusemezana. Mwanzo wake waliuona kwa jirani yao Jumapili iliyopita, na sasa Gasenyi hakukuwa na umeme.

Siwezi kuitwa mchoyo kwangu, kwa hiyo niliweka kreti nzima ya bia mezani. Na kwa kuwa Kifaransa hawakijui, nikatafsiri kwa sauti, neno kwa neno, huku wakinikatiza.

"Huyo mwanamke ananyamaza kwa nini?" aliuliza shangazi.

"Amechoka, shangazi."

"Na bwana yake?"

"Anasoma gazeti."

"Kila siku gazeti? Basi huyo ana diploma."

Mke wangu alicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Kuelekea mwisho, yule mzee wa kwenye filamu alimfuata mkewe aliyekuwa ameondoka, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikatafsiri vizuri, hata sauti nikaishusha kama yake: "Nimekosa. Bila wewe ile si nyumba, ni kuta. Rudi."

Mama mkwe alifungua chupa, akanywa, akampa shangazi.

"Tumesikia, mukwe wangu."

"Apana, mama. Ni yule anasema. Mi natafsiri tu."

"Bia ni ya nani?"

"Yangu."

"Na sauti?"

Nilimgeukia shangazi anisaidie. Alikuwa anajifuta povu mdomoni.

"Mi nimeona bia, nimeona mukwe, nimesikia amekosa," alisema. "Twende, kabla askari hawajafunga barabara."

Waliondoka wawili. Ndipo nikaona furushi la nguo za mke wangu nyuma ya mlango. Lilikuwa limewekwa pale tangu walipoingia.

Kwenye televisheni, yule mwanamke alikuwa anatikisa kichwa.

"Baba watoto, amejibu nini?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni.

"Amekataa."

"Basi huyo hakuwa na mama wa kunywa bia," alisema, na nikasikia anapanga sufuria zangu upya.