Keren, Sifonofora na Sahani ya Posa

Keren anafundisha bayolojia hapa Nchelenge, na bahari hajaiona hata siku moja. Ziwa Mweru tu ndilo analolijua. Wiki ile alichora ubaoni sifonofora, mchoro ukafanana kabisa na konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa utelezi kama bamia. Darasa zima likapiga kelele: konyeza! Hapana, akasema Keren. Huyu ni kundi la wanyama walioshikana, wote wametoka yai moja: huyu kazi yake kuogelea, yule kula, yule kuzaa. Kiukoo yuko karibu zaidi na hidra, kidudu cha maji baridi, kuliko konyeza halisi. Na katika ukoo huo, ndugu yake hasa ni nani? Wataalamu bado wanabishana.

"Sasa, madamu, kwao ni wapi?" akauliza Jessica, mwanafunzi wa mbele.

Swali hilohilo lilikuwa linamsubiri Keren nyumbani.

Jumamosi mshenga wa Lackson, mchumba wake, angeleta sahani ya posa, yenye pesa za kumwomba binti. Ukoo wa binti ndio huipokea. Isipopokelewa, hakuna ndoa. Lakini ukoo upi? Marehemu baba yake alikuwa mtu wa hapa, na hapa mtoto ni wa upande wa mama. Mama yake, Pierrette, ni Mluba wa Kongo, na kwao mtoto ni wa baba. Wazee wa pande zote mbili nao, kwa uungwana wao, kila mmoja anamwachia mwenzake kuipokea! Mimi jirani tu nilikasirika, sembuse yeye.

Siku ikafika. Baba yake mdogo, Webby, na mjomba wake Ilunga, aliyevuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, waliketi uani. Mshenga, mzee Albert, alisimama na sahani mikononi.

"Ba Albert, mumupatie mujomba wake," akasema Webby. "Mutoto ni wa kwa mama."

"Aka, Ba Webby!" akakataa Ilunga. "Kwetu mutoto ni wa baba. Ninyi njo benye mutoto."

Albert akageuka huku, akageuka kule na sahani yake. Keren, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hakujua acheke au alie. Hakuna aliyemkataa, wala aliyemchukua, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

"Batata, baba zangu," akasema, "siku nikikufa, nani atanizika?"

"Siye tutakuzika!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Basi munipokee nikiwa muzima."

Ilunga akashika ukingo mmoja wa sahani, Webby mwingine, na mzee Albert akaachia.